Dakta Andreas Grüntzig, Aliyefungua Mishipa ya Moyo

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Sisi wanafunzi tukiambiwa tutaje watu mashuhuri wa dunia, upesi twataja wafalme, maraisi na wachezaji wa mpira. Madaktari hatuwataji sana. Labda ni kwa sababu mtu hukutana na daktari siku ya ugonjwa, na siku hiyo hana hamu ya kuuliza habari za historia. Mimi nimechagua kuandika maisha ya Dakta Andreas Grüntzig, Mjerumani aliyefariki mwaka 1985, kwa kuwa kazi yake imefika mpaka katika nyumba za watu wa Kabungu, wala wenye nyumba hizo hawalijui jina lake.

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1939 katika mji wa Dresden. Miezi miwili na siku chache baadaye, Vita Kuu ya Pili ikaanza. Baba yake alikuwa mtu wa elimu ya sayansi. Alitwaliwa jeshini akawekwa katika kazi ya kupima hali ya hewa kwa ajili ya ndege, naye hakurudi tena nyumbani. Mama akabaki na watoto wawili wanaume, Johannes na Andreas. Mwaka 1950 mama huyo aliwachukua wanawe, wakavuka bahari mpaka nchi ya Argentina kutafuta maisha mapya. Huko nako mambo hayakuwa kama walivyotumaini, na baada ya muda wakarejea Ujerumani, wakakaa katika mji wa Leipzig. Hapo Andreas alisoma katika Shule ya Mtakatifu Thomas, shule ya zamani sana, ambayo katika karne ya 18 mwalimu wake wa muziki alikuwa Johann Sebastian Bach.

Siku zile Ujerumani ilikuwa imegawanyika mbili, na Leipzig ilikuwa upande wa Mashariki. Andreas alimaliza masomo ya sekondari mwaka 1957, kisha akavuka kwenda upande wa Magharibi. Ukuta wa Berlin ulikuwa haujajengwa bado. Ulijengwa mwaka 1961, na baada ya hapo kijana kama yeye asingaliweza kupita kwa urahisi. Akasoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, akahitimu mwaka 1964.

Kabla sijaendelea yafaa nieleze ugonjwa wenyewe, maana bila hivyo msomaji hataona ukubwa wa kazi ya mtu huyu.

Moyo ni msuli unaosukuma damu mwili mzima, lakini wenyewe haunywi ile damu iliyomo ndani yake. Hulishwa na mishipa yake midogo inayouzunguka kwa nje, ambayo unene wake ni milimita 3 au 4 tu, yaani kama mrija wa kunywea soda. Kadiri miaka inavyopita, hasa kwa mvuta sigara, mwenye kisukari, mwenye shinikizo kubwa la damu au mwenye mafuta mengi katika damu, ndani ya mishipa hiyo hujenga kitu kigumu cha mafuta, mfano wa ukoko chini ya sufuria. Njia ya damu huwa nyembamba. Mtu akikaa kitako hana neno, lakini akipanda mlima au akibeba mzigo kifua humbana kama kimefungwa kamba, kwa sababu moyo wadai damu nyingi na njia hairuhusu. Siku ukoko ule ukipasuka na damu ikaganda juu yake, mshipa huziba kabisa, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Madaktari wa zamani walikuwa wakiogopa hata kuugusa moyo. Mwaka 1929 kijana mmoja Mjerumani, Dakta Werner Forssmann, katika mji wa Eberswalde, aliingiza mrija mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma mpaka moyoni, kisha akatembea kwa miguu mpaka chumba cha eksirei ili picha ishuhudie. Wakubwa wake hawakufurahi hata kidogo. Lakini mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili wa Marekani. Mwaka 1958 Dakta Mason Sones wa Cleveland aligundua njia ya kutia dawa ndani ya mishipa ya moyo ili ionekane katika picha, tena aligundua bila kukusudia, mrija ulipoingia mahali asipotazamia na dawa ikamwagika humo. Tangu hapo madaktari wakaweza kupaona mahali palipoziba, ila kupafungua hawakuweza. Mwaka 1967 Dakta René Favaloro, Mwargentina aliyekuwa akifanya kazi hapo hapo Cleveland, akaanza kutumia mshipa wa mguu kuwa kama barabara ya mchepuko inayopita kando ya mahali palipoziba. Njia hiyo ilikuwa nzuri, na hata leo yatumika, lakini yataka kifua kipasuliwe.

Mtu wa mwisho wa kumtaja hapa ni Dakta Charles Dotter wa Portland, Marekani. Tarehe 16 Januari 1964 aliletewa bibi kizee wa miaka 82 ambaye mguu wake ulikuwa umeanza kuoza kwa kukosa damu. Madaktari walitaka kuukata, bibi akakataa katakata. Dotter akapitisha mrija mwembamba mahali palipobana, juu yake akapitisha mnene zaidi, na njia ikapanuka. Bibi akapona mguu wake akaendelea kuutembelea. Madaktari wengi wa Marekani walimwona Dotter kuwa ni mtu wa vituko, lakini Wajerumani waliipenda kazi yake, hata wakatoa kitenzi katika jina lake, wakawa wasema mtu fulani amedotewa mguu.

Sasa turudi kwa Grüntzig. Alipokuwa daktari kijana katika hospitali ya Darmstadt, yasemekana mgonjwa mmoja alimwuliza kwa nini mishipa iliyoziba haisafishwi tu kama mafundi bomba wanavyosafisha mabomba. Wengine wangalicheka. Sisi tunaolala bwenini twajua bomba likishika kutu ndani, maji hutoka tone moja moja hata foleni ya ndoo ikafika uwanjani, nasi hatuoni kichekesho katika swali lile. Grüntzig naye hakucheka. Swali lilimkaa moyoni. Akasikia habari za Dotter, akajifunza njia yake kwa Dakta Eberhard Zeitler, na mwishoni mwa mwaka 1969 akahamia Zürich, Uswisi, kufanya kazi katika hospitali ya chuo kikuu.

Aliona mapema kwamba njia ya Dotter haitafaa moyoni. Kusukuma mirija minene ni kama kusukuma uchafu mbele ya ufagio. Kipande cha ukoko chaweza kukatika kikaenda kuziba mbele. Tena mlango wa kuingilia mguuni huwa mkubwa. Alitaka mrija uingie ukiwa mwembamba, ufike mahali penyewe, ndipo unenepe hapo hapo tu, usukume ukoko kando kando, kisha ukonde tena na kutoka. Yaani alitaka puto.

Kusema puto ni rahisi, lakini hebu fikiri mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa. Ukiujaza upepo hauvimbi sawasawa. Huvimba upande ule uliolegea, ukafanya kinundu. Puto la mpira wa kawaida likitiwa katika mshipa uliobana nalo litafanya vivyo hivyo: litavimba mbele na nyuma ya mahali pagumu, mahali penye mwanya, na pale penye ugonjwa halitagusa kitu. Tena likiendelea kuvimba laweza kuupasua mshipa mzima. Ilipasa lipatikane puto jembamba mno, gumu, ambalo likifika unene uliokusudiwa halinenepi zaidi hata likijazwa kwa nguvu.

Dakta huyu hakuwa na kiwanda wala fedha za utafiti. Alifanya kazi hiyo jikoni kwake. Jioni baada ya kutoka hospitali waliketi kuizunguka meza ya chakula: yeye, mkewe Michaela, msaidizi wake wa hospitali Maria Schlumpf, na mume wa Maria, Walter. Wakakata mirija ya plastiki, wakagundisha kwa gundi, wakafunga kwa nyuzi, wakajaza, ikapasuka, wakaanza upya. Kazi hiyo haikuwa ya wiki moja wala mwezi mmoja, ilikula miaka. Mzee mmoja profesa wa kemia aliyekwisha kustaafu, Heinrich Hopff, alimwonyesha plastiki iitwayo polivinili kloridi, ile ile jamii ya plastiki ambayo siku hizi twaona mabomba ya maji yametengenezwa kwayo. Grüntzig akaipasha moto na kuipulizia ndani mpaka ikatoa kipande chenye umbo la soseji ndogo. Hapo akapata alichokitaka. Puto hilo liliweza kujazwa kwa nguvu ya angahewa 4 au 5, karibu mara mbili ya upepo wa gurudumu la gari dogo, nalo likabaki na umbo lake.

Mimi naona sehemu hii ya meza ya jikoni ni kubwa kuliko hata siku ile ya ushindi wenyewe. Katika vitabu vyetu mvumbuzi huonyeshwa yuko peke yake na taa yake. Huyu alikuwa na mke aliyeshika mkasi, na jirani wa kazini aliyekuja na mumewe baada ya saa za kazi bila malipo ya ziada.

Tarehe 12 Februari 1974 alitumia puto lake kwa mara ya kwanza kwa mtu, katika mshipa wa kwenda mguuni, na mgonjwa akaweza kutembea vizuri. Hata hivyo mshipa wa mguu ni mnene, na mguu waweza kuvumilia kukosa damu kwa dakika kadhaa. Moyo hauna subira hiyo. Akaendelea kulipunguza puto, akaujaribu mrija wake kwa mbwa, na mwaka 1976 akaenda Miami, Marekani, katika mkutano mkubwa wa madaktari wa moyo, akabandika karatasi ukutani zenye kueleza alichofanya. Wengi walipita wakatazama, wakatikisa kichwa wakaenda zao. Wachache walisimama. Mmoja wao alikuwa Dakta Richard Myler wa San Francisco, na mwezi wa Mei 1977 wawili hao walilijaribu puto katika mioyo ya watu waliokuwa tayari wamepasuliwa kwa ajili ya upasuaji wa kawaida, ili jambo likiharibika mpasuaji awe papo hapo.

Hata ikafika tarehe 16 Septemba 1977. Katika hospitali ya Zürich alikuwako mgonjwa mwanamume wa miaka 38, mfanyakazi wa bima, mwenye maumivu makali ya kifua. Picha ilionyesha kwamba mshipa mkubwa wa mbele wa moyo wake umebana mahali pamoja pafupi karibu na mwanzo wake. Alikuwa akingojea kupasuliwa kifua. Grüntzig akamweleza yote bila kuficha: kwamba puto limekwisha kutumika miguuni na kwa mbwa, ila kwa mtu aliye macho, kifua kikiwa kizima, moyoni bado. Mgonjwa akakubali kuwa wa kwanza. Hebu fikiri, msomaji, wewe ungalikubali? Mkuu wa wapasuaji, Profesa Åke Senning, naye alikuwa na haki ya kukataa, maana njia hii mpya ikifaulu ingemnyang'anya wagonjwa. Hakukataa. Aliruhusu, na chumba cha upasuaji kikawekwa tayari.

Mrija ukaingizwa kwenye mshipa wa paja, ukapanda mpaka moyoni, puto likapita mahali palipobana. Likajazwa mara ya kwanza, wote wakitazama mashine ya mapigo ya moyo na kungoja balaa. Balaa halikuja. Likajazwa mara ya pili. Dawa ya picha ilipotiwa, mshipa ulionekana umefunguka na damu inapita. Mgonjwa alikuwa macho muda wote. Yale maumivu ya kifua yakaondoka.

Hapa naomba nitoke kidogo njiani, kwa kuwa jambo hili nimeliona nyumbani kwetu.

Babu yangu mzaa mama ni mkulima wa tumbaku na mahindi. Miaka miwili iliyopita kifua kilianza kumbana kila akitoka shambani, mwisho akashindwa kufika hata kisimani. Zamani mtu mwenye ugonjwa huo katika nchi yetu alikuwa hana budi kupelekwa ng'ambo, hasa India, kama alipata wa kumlipia. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam. Babu alipanda gari moshi hapa Mpanda, akapita Tabora, akafika Dar es Salaam, na huko mishipa yake ikafunguliwa kwa puto kupitia kifundo cha mkono, kisha ndani yake kikaachwa kimrija cha wavu wa chuma, kiitwacho stenti, kishikilie njia isijifunge. Alirudi amevaa kitambaa mkononi na mfuko wa dawa.

Ndipo kazi ya bibi ilipoanza, na mimi naiona haikuwa ndogo kuliko ya madaktari. Ndugu walikuja wa namna mbili. Wa kwanza walitaka babu akae kama yai, asiinue hata kikombe, asitoke kivulini. Wa pili walisema mzee amekwisha kupona, dawa za nini tena, na waliona hasara kununua vidonge kila mwezi kwa mtu asiyeumwa. Bibi hakuwasikiliza wote wawili. Daktari alikuwa amemweleza kwamba chuma kile ni kigeni katika mwili, na damu hupenda kuganda juu ya kigeni mpaka ngozi ya ndani ya mshipa ikifunike. Kwa hiyo vidonge vya kuzuia damu isigande, aspirini na mwenzake, visiachwe hata siku moja bila daktari kusema, japokuwa mgonjwa ajisikia ana nguvu za kuvuta plau. Bibi hajui kusoma sana. Alichora mistari ya mkaa nyuma ya mlango, mstari mmoja kwa kila asubuhi babu alipomeza mbele ya macho yake. Vidonge vikikaribia kwisha, alimtuma mjomba Mpanda kabla ya siku yenyewe, si siku yenyewe.

Juu ya kutembea alifuata alivyoelekezwa. Siku za kwanza babu hakubeba kitu kizito kwa mkono ule uliopitishwa mrija. Kisha wakaanza kutembea pamoja jioni: wiki ya kwanza mpaka mwembe, ya pili mpaka barabarani, ya tatu mpaka dukani na kurudi. Kipimo kilikuwa hiki, kwamba babu aweze kuzungumza wakati anatembea; akikosa pumzi za kuzungumza wanasimama. Na kifua kikibana tena kisipoachia, isingojewe asubuhi, aende hospitali usiku ule ule. Chumvi ilipunguzwa, na sufuria ya bibi ikawa haina mafuta ya kuelea.

Jambo ambalo hakuna aliyelitazamia ni hofu. Babu, mtu aliyewahi kufukuza fisi kwa fimbo, aliogopa kulala. Alikaa kitandani akisikiliza mapigo ya moyo wake, na mchana akawa mkali kwa watoto bila sababu. Nimesoma kwamba hali hiyo huwapata wengi waliotibiwa moyo, na kwamba hupungua mtu akipata wa kuzungumza naye. Bibi hakumwambia aache woga. Alitandika mkeka barazani, akamketisha, wakazungumza habari za zamani, za mashamba na za watu waliokwisha kufa, hadi usingizi ukaja wenyewe. Mambo haya yaliendelea kama miezi miwili. Leo babu analima mahindi yake kidogo kidogo.

Sigara ameacha. Tumbaku yenyewe bado inalimwa na wajomba zangu, na godoro langu la bwenini limenunuliwa kwa fedha yake. Mwalimu wetu wa biolojia alipofundisha kwamba moshi wa tumbaku huharibu ngozi ya ndani ya mishipa, nusu ya darasa tulitazamana. Sina jibu la jambo hili, nalitaja tu kwa kuwa ni kweli.

Nimrudie daktari. Mwezi wa Novemba 1977 alisimama tena mbele ya madaktari huko Miami, safari hii akiwa na watu wanne aliokwisha kuwatibu, na hata kabla hajamaliza kusema ukumbi ukapiga makofi. Kinachonipendeza kwake ni alivyotumia makofi hayo. Mtu mwingine angalinyamaza juu ya yaliyoharibika. Yeye mwaka 1979 alipoandika habari za wagonjwa wake 50 wa kwanza, alisema wazi kwamba alifaulu kwa 32, na kwamba wengine ilibidi wapelekwe kwa mpasuaji kwa haraka. Akaonya kwamba njia hii si ya kila mgonjwa. Tena hakukubali ifichwe wala ienezwe ovyo. Tangu mwaka 1978 aliwaita madaktari wa nchi mbalimbali Zürich, wakakaa ukumbini wakimtazama katika televisheni anapofanya kazi chumba cha pili, saa ile ile, wakiona na mafanikio na matatizo, bila kukatwa kitu. Nadhani hakuna mwalimu asiyeogopa kidogo kufundisha hivyo.

Zürich vitanda vilikuwa vichache na kazi ilimzidi. Mwaka 1980 akahamia Atlanta, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Emory. Ndoa yake na Michaela ilivunjika, akaoa tena daktari kijana, Margaret Anne. Sitakaa sana juu ya mambo hayo. Walioishi naye Atlanta wanasema alikuwa mtu wa mbio: alipenda magari, alipenda ndege ndogo aliyoirusha mwenyewe, na alipenda kushindana. Siku moja alipanda mwenyewe juu ya meza ya wagonjwa, akamwomba mwenzake ampige picha mishipa ya moyo wake. Ikaonekana safi, akajifunga kitambaa, na jioni ile ile akaenda karamuni. Sisi wa vijijini tungesema huyo ana kichwa kigumu. Lakini pengine kichwa laini kisingalikaa miaka yote ile kwenye meza ya jikoni.

Jumapili tarehe 27 Oktoba 1985 yeye na Margaret Anne walikuwa wakirudi Atlanta kutoka pwani ya jimbo la Georgia, yeye akiwa rubani. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ya mvua na mawingu. Ndege ikaanguka msituni karibu na mji wa Forsyth, wote wawili wakafa. Umri wake ulikuwa miaka 46. Mwaka huo huo walikuwa wamekwisha kufa Dotter na Sones, hivi kwamba waliofungua njia ya kuingia katika mishipa karibu wote waliondoka katika mwaka mmoja.

Hakuwahi kuiona stenti kama ile ya babu yangu. Puto peke yake lilikuwa na dosari: katika kila wagonjwa watatu, karibu mmoja mshipa wake ulijifunga tena ndani ya miezi michache. Stenti ya kwanza katika moyo wa mtu iliwekwa mwezi Machi 1986 huko Toulouse, Ufaransa, na Dakta Jacques Puel, miezi mitano baada ya ndege ile kuanguka. Na Dakta Ulrich Sigwart wa Lausanne akaendelea na kazi hiyo mwaka huo huo. Lakini hata leo stenti hufikishwa mahali pake ikiwa imevikwa juu ya puto, na puto hilo ni mjukuu wa lile la jikoni.

Na yule mfanyakazi wa bima? Mwaka 1987, miaka 10 tangu siku yake, alisafiri mpaka Atlanta, katika hospitali ambayo daktari wake hakuwamo tena, akapigwa picha ya moyo. Mshipa ulikuwa wazi. Ukatazamwa tena mwaka 2000, ukawa wazi vile vile.